Breki Kwanza, Rangi Baadaye



Kila shule zinapofungwa, wazazi huulizana swali lile lile: hawa vijana tuwashughulishe na nini? Juma hili napenda kuzungumza nanyi juu ya jawabu moja lililopatikana katika ukoo wetu, jawabu ambalo mwanzo wake liliwagawa watu hata nusura wanuniane. Ni habari ya pikipiki kuukuu ya mbio za udongo, aina ya Honda XR75, iliyokuwa imelala miaka mingi ndani ya bohari ya shamba moja upande wa Kilifi. Ami yao watoto, ambaye ni fundi, aliinunua kwa bei ya chuma chakavu, akatia nia ya kuifufua pamoja na watoto wa nduguye, wavulana wawili na dada yao mmoja, ili hatimaye waiendeshe wenyewe.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Hii si pikipiki ya bodaboda. Haina taa, haina vioo, haina nambari ya usajili, na haikuundwa kwa ajili ya barabara. Ilizaliwa na mchezo uitwao motokrosi, ambao ni mbio za kuzunguka njia ya udongo yenye vilima, makorongo na kona za ghafula. Mashindano ya mwanzo ya namna hiyo yanayokumbukwa yalifanyika Camberley, kusini mwa Uingereza, mwaka 1924. Kufikia mwaka 1957 mchezo ulikuwa na ubingwa wa dunia. Ulipovuka bahari na kuenea Marekani, watoto waliwatazama wakubwa wao, nao wakataka vyao. Ndipo mwaka 1973 kampuni ya Honda ilipotoa XR75, pikipiki ndogo yenye umbo la zile za wakubwa, injini ya sisi 72, gia nne na klachi ya mkono. Jeff Ward, aliyekuja kuwa bingwa wa Marekani mara kadhaa, alianza utotoni kwa vipikipiki vidogo vya jinsi hii.

Basi wale watoto hawakuletewa mchezo wa kuchezea. Waliletewa mashine kamili iliyopunguzwa kimo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mama yao alikataa katakata. Ndugu yake mdogo alivunjika paja akiwa abiria wa bodaboda, akalala kitandani miezi, na hata leo hutembea akichechemea. Ami naye alikuwa na hoja yake. Alisema vijana hawa watapanda pikipiki tu, mzazi apende asipende, nao watafundishwa na rafiki zao vichochoroni, bila kofia na bila adabu ya chombo. Heri wajifunze mbele ya macho ya wakubwa. Kikao kilipowekwa kwa nyanya yao, yule mama alimwambia ami maneno ambayo yamebaki katika masikio ya waliokuwapo: "Shemeji, mimi sikatai chombo. Nakataa kuletewa mtoto juu ya machela."

Nyanya alisikiliza pande zote mbili, kisha akauliza jambo moja: "Katika kazi yenu, mtaanza na lipi?" Ami akajibu kwamba wataanza na injini, wasikie sauti yake, watoto wapate moyo, kisha waipige rangi, na mengine yatafuata. Nyanya akasema, "La. Mtaanza na kile kinachoisimamisha. Rangi iwe ya mwisho." Mama akakubali kwa sharti hilo, akaongeza la kwake: kila hatua ikikamilika aitwe aione kwa macho yake, na akisema bado, basi iwe bado.

Ndugu wasomaji, nimeona miradi mingi ya namna hii ikianza kwa rangi. Chombo kikang'ara, watu wakapiga picha, na ndani yake mna kutu. Uzito wa shauri la yule bibi ulidhihirika siku baada ya siku, nami nitaueleza kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza ilikuwa breki. Pikipiki hii ina breki za ngoma mbele na nyuma, na ndani ya ngoma mna vipande viwili vinavyotanuka kuikamata. Katika zama hizo vipande vya breki aghalabu vilitiwa asbestosi, na vumbi lake likivutwa huweza kuleta maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi. Kwa hivyo ami hakupuliza ndani ya ngoma kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kama mafundi wengi wafanyavyo. Alivaa barakoa, akalowesha kwa maji, akapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, akakifunga kitambaa hicho mfukoni na kukitupa, na nguo za kazi zikafuliwa mbali na za nyumba. Watoto waliwekwa nje ya gereji mpaka hatua hiyo ikaisha. Vipande vya zamani vikaondolewa, vikawekwa vipya visivyo na asbestosi, na waya za breki zikabadilishwa zote. Mama aliitwa. Akaisukuma pikipiki kwa mikono yake, akabana breki ya mbele, kisha akaikanyaga ya nyuma. Magurudumu yakakamata. Akasema, "Hiyo imepita."

Hatua ya pili ilikuwa tairi na spoki. Tairi zilizokutwa zilikuwa na meno mazuri, na kijana mkubwa akashikilia kwamba bado zafaa. Lakini mpira huzeeka hata usipotumiwa. Hukauka, ukawa mgumu, ukapasuka mistari midogo pembeni, na tairi ngumu haishiki ardhi. Zikatupwa pamoja na tyubu zake. Spoki ziligongwa moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa sawa hutoa mlio mwembamba, na iliyolegea hutoa mlio mzito. Mdogo wao wa miaka minane ndiye aliyekuwa na sikio la kazi hiyo kuliko wote.

Hatua ya tatu ilikuwa fremu, na hapa ndipo pana kisa chenyewe. Sisi watu wa pwani twaijua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Fremu ilisuguliwa rangi yote ya zamani mpaka chuma kikabaki kitupu, kisha ikakaguliwa penye kila kiungo: shingo ya usukani, mkono wa gurudumu la nyuma, na pale pa kukanyagia miguu. Siku zenyewe zilikuwa zimebaki chache kufikia Idi, na ami alikwisha kuwaahidi watoto kwamba siku ya mosi wataipanda. Asubuhi moja yule binti, aliyepewa tochi na kitambaa, alisema anaona unywele kwenye chuma. Haukuwa unywele. Ulikuwa ufa mwembamba penye kishikilio cha kukanyagia cha upande wa kushoto. Mwendeshaji wa motokrosi husimama juu ya miguu anapopita matuta, na uzito wake wote hukaa hapo. Kishikilio kikikatika mtoto yu hewani, huangukia upande.

Ami alitaka kukiunga upesi ili ahadi ya Idi itimie. Mama akasema bado, mpaka fundi wa kuchomelea anayeaminika apatikane, naye alikuwa amesafiri kwao kwa sikukuu. Watoto walilia. Kijana mkubwa alisusa chakula cha mchana. Idi ikapita na pikipiki imening'inizwa darini kama mbuzi aliyekwisha kuchunwa. Wiki mbili baadaye fundi alirudi, akaukata ule ufa, akachomelea chuma kipya, na kazi ikaendelea. Nakuombeni mzingatie jambo hili: lau wangeanza kwa rangi, ufa ule ungefunikwa kwa rangi nyekundu ya kupendeza, na hakuna jicho ambalo lingeuona.

Hatua ya nne ilikuwa tangi la mafuta. Ndani lilijaa kutu. Walitia siki pamoja na konzi ya nati ndogo, wakalitikisa kwa zamu, wakaliacha siku mbili, wakamwaga, wakasuuza kwa maji yenye magadi ya kupikia ili kuua ukali wa siki, wakalikausha juani na kulipaka oili ndani ili kutu isirejee. Hapa naomba akina mama wawe wakali. Petroli isihifadhiwe ndani ya nyumba wala karibu na jiko, hata ikiwa chupa moja. Mvuke wake hutambaa chini sakafuni, ukaukuta moto mahali ambapo hukudhania.

Injini ikafuata. Hii ni injini ya mipigo minne, oili yake hukaa mahali pake wala haichanganywi na petroli, nayo ni pole kwa mtoto anayejifunza. Pistoni ilikuwa imeganda. Hawakuipiga nyundo. Walitia oili kupitia tundu la plagi, wakangoja siku tatu, wakaizungusha kidogo kidogo kwa spana mpaka ikalegea. Kabureta ikafunguliwa, na vitundu vyake vyembamba vikasafishwa. Zile pointi zinazoleta cheche zilihitaji kuachana kwa nafasi ya kama milimita 0.35, unene wa karatasi chache zilizobebanishwa, na ni vidole vyembamba vya yule binti vilivyoipata nafasi hiyo baada ya wakubwa kushindwa. Siku ilipowaka, bibi mzima alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Rangi ikapigwa mwisho, kama ilivyoagizwa.

Sasa nije kwenye yaliyobaki, maana chombo kizima si ruhusa ya kukipanda ovyo. Yule mama aliweka masharti yake, nami nayaandika kwa faida ya kila nyumba.

Kofia ngumu inunuliwe mpya. Sifongo gumu lililo ndani yake ndilo linalomeza kishindo, nalo hufanya kazi hiyo mara moja tu. Kofia iliyokwisha kuangukiwa huenda isionyeshe alama yoyote kwa nje, na ndani imekwisha kufa. Mtoto avae viatu vya kufika juu ya kifundo, glavu, suruali nene na vikinga magoti.

Chombo kilingane na mtoto. Akikaa juu yake, ncha za miguu yote miwili ziguse chini, na vidole vyake vifike kwenye breki na klachi bila kujinyoosha. Yule wa miaka minane hakutimiza sharti hilo, basi amengojeshwa. Kwa wale wawili, ami alifunga kizuizi kwenye mkono wa mafuta ili isikimbie kupita kiasi.

Mahali pawe pa faragha. Wao waliomba idhini ya shamba lisilo na wapita njia. Barabara ni haramu kwa sheria, kwani chombo hakijasajiliwa na mtoto hana leseni. Ufuoni pia si mahali pake, kwa kuwa ni njia ya wavuvi na uwanja wa watoto wadogo, na maji ya chumvi yangeirudisha pikipiki bohari kabla ya mwaka. Apande mmoja kwa wakati mmoja, na mtu mzima awe amesimama karibu.

Na kwa mabinti, mavazi. Kuna waliouliza kama binti anafaa kuendesha. Mama yake alijibu kwamba aliyeuona ufa ndiye mwenye haki ya kwanza. Lakini mtandio wake huvaliwa mfupi, ukachomekwa wote ndani ya shati, pasiwe na ncha inayopepea, kwa sababu mnyororo na spoki hunyakua kitambaa kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuishinda. Neno hili lawahusu nyote mnaopanda bodaboda na mabuibui, leso na mitandio. Kabla ya kuondoka, kusanyeni nguo mzikalie, na mtazame upande wa gurudumu. Sheria ya Kenya yamtaka dereva na abiria wake wote wawili wavae kofia ngumu na koti la kuakisi mwanga. Mwambieni dereva awape kofia, wala msione haya.

Waliouliza faida ya gharama na miezi yote ile wamepata jawabu mahali wasipotarajia. Juzi yule kijana mkubwa, aliyesusa chakula siku ile, alitumwa sokoni. Bodaboda ikasimama. Kabla ya kupanda akainama, akatazama gurudumu la nyuma, akamwomba dereva akanyage breki. Waya ulikuwa umelegea na kipande kimelika. Akamshukuru kwa adabu, akaenda kwa miguu. Mama yake aliambiwa habari hiyo na jirani, si na mtoto mwenyewe.

Katika nyumba zenu huenda hakuna pikipiki kuukuu. Huenda pana baiskeli, cherehani, ngalawa ya babu au pampu ya maji iliyokufa. Kaeni na vijana wenu mkifungue chombo hicho, na mpange kazi kwa utaratibu wa yule bibi: kwanza kile kinacholinda uhai, kisha kile kinachokiendesha, na mapambo yawe ya mwisho. Naye mwenye hofu zaidi katika nyumba apewe neno la kusema bado.

Tukutane juma lijalo panapo majaliwa.