Ruzuku ya mifugo imfikie na mwenye ndama wawili





Mwezi Juni 2025 Serikali ilizindua huko Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya taifa ya kuchanja mifugo. Ng'ombe wachanjwe homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, na kuku mdondo. Mfugaji alitakiwa kuchangia shilingi 500 kwa ng'ombe na shilingi 300 kwa mbuzi au kondoo, na Serikali ilipe nusu iliyobaki. Kuku walikuwa bure. Naipongeza Serikali kwa hatua hiyo. Magonjwa haya yanaambukiza, na zizi moja likiachwa kijiji kizima kimo hatarini. Kwa hiyo siungani na wale wanaosema kwamba mwenye ng'ombe wengi asipewe ruzuku hii.

Lakini tufanye hesabu kama tunavyowafundisha watoto darasani. Mwenye ng'ombe 600 amesaidiwa shilingi 300,000. Mwenye ng'ombe 4 amesaidiwa shilingi 2,000. Ruzuku inayotolewa kwa kichwa cha mnyama humfuata mwenye vichwa vingi. Ndiyo maana nasema isiwe ndiyo msaada pekee.

Ugonjwa unaommaliza mfugaji mdogo ni ndigana kali, unaoenezwa na kupe. Chanjo yake ipo, na ndama akichanjwa mara moja hupata kinga ya miaka mingi. Taabu ni kwamba chanjo hiyo ni ghali kuliko zile nyingine, hutunzwa katika baridi kali ya naitrojeni ya kimiminika, na mrija wake mmoja hutosha ndama wapatao 40. Ukishayeyushwa, lazima utumike siku hiyo hiyo. Mwenye ndama 40 humwita mtaalamu, kazi ikaisha. Je, mwenye ndama 2 afanye nini? Anunue mrija mzima ili amwage uliobaki? Basi hungoja, lakini kupe hawangoji.

Sisi walimu wa vijijini tunayaona matokeo. Ada katika sekondari za Serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa tangu mwaka 2016, lakini sare, godoro na nauli havikufutwa. Vitu hivyo hutoka katika ng'ombe. Akifa ng'ombe, mtoto aliyefaulu huripoti shuleni amechelewa, au haripoti kabisa. Tena siku za kuogesha mifugo, wavulana kadhaa hawaonekani darasani, kwa sababu josho la karibu halina maji na linalofanya kazi liko mbali.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kila kijiji kiandikishe ndama wa wafugaji wadogo, wakusanywe mahali pamoja siku moja wakitimia 40, na Serikali ichangie chanjo ya ndigana kwa ndama 5 wa kwanza wa kila kaya. Hapo mwenye 5 na mwenye 500 watapata sawa. Pili, ruzuku ya dawa ya josho iende pamoja na maji na matengenezo. Dawa ndani ya stoo haiui kupe. Tatu, hesabu ya dawa na fedha zilizopokelewa isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wote wasikie.

Wapo watakaosema kuwa wafugaji wakubwa ndio wanaolisha miji kwa nyama. Ni kweli, nao waendelee kusaidiwa. Lakini fedha hizi ni za wananchi wote, akiwemo yule ambaye mali yake yote imefungwa kwenye kamba mbili nyuma ya nyumba.

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi. Tusikubali na ndama wake asikue.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Meatu, Simiyu.