Mkweche Usiwagombanishe

Mwezi huu tuliache kidogo suala la nani amwombe nani msamaha, tuongee kuhusu kitu kingine kinacholaza wapendanao mzungu wa nne: gari la zamani.

Wengi wetu hapa Dar tunaendesha Corolla, Starlet au Mark II za miaka ya 1990. Ni magari mazuri, ila yanakula hela. Leo bushi, kesho rejeta, na kodi ya nyumba inaishia gereji. Mmoja anasema "tuuze", mwingine anajibu "tukiuza tutapanda nini?" Kwa marafiki zangu wengi nimeona kwamba gari lenyewe si ugomvi. Ugomvi ni zile elfu hamsini hamsini zinazotoka kimya kimya, mwenzako hana habari.

Unafuu wa kweli hauko kwa fundi wa bei poa, uko kwa fundi mmoja anayelijua gari lako. Mimi huanza kwa kumpa kazi ndogo, kumwaga oili na kubadili filta, huku namwangalia. Je, anauliza gari lina dalili gani, au anakimbilia kutaja spea? Kifaa alichotoa ananikabidhi bila kuombwa? Huyo anafaa. Vijana waliosomea ufundi magari VETA Chang'ombe nao usiwadharau eti kwa sababu gereji yao iko chini ya mwembe.

Pili, tenganisha hela ya ufundi na hela ya spea. Akuandikie kinachotakiwa, kisha nenda mwenyewe Gerezani au Shauri Moyo, na kile kibovu mkononi ulinganishe. Uliza maduka matatu. Taa, mlango au kioo cha pembeni cha mtumba havina neno. Breki pedi nunua mpya, tena kwenye duka unaloliamini. Hapo usibane hela, kiti cha nyuma wamekaa watoto.

Tatu, wekeni daftari ndani ya gari. Tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei. Mkanda wa taiming kwenye injini nyingi za miaka ile hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Bila kuandika utajuaje? Ukikatika njiani, kwenye baadhi ya injini valvu zinagongana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine.

Mwisho, tengeni bahasha ya gari kila mwezi, hata kama halijaharibika. Mwaka ukiisha jumlisheni pamoja. Kama mmetumia zaidi ya bei ambayo gari lingeuzwa, daftari limeshaamua, hakuna wa kumlaumu. Kama hamjafika huko, endesheni kwa raha zenu.

Na leo hii mpe fundi namba ya mwenza wako. Bei aisikie kila mmoja kwa masikio yake.

Tukutane mwezi ujao!