Bajeti ni Mfuko, Si Adhabu

Ukitaja bajeti, wengi wetu tunakunja uso. Tunafikiria kunyimwa: hakuna nyama choma, hakuna kutoka Ijumaa. Mimi pia nilikuwa hivyo, hadi nilipojua neno lenyewe lilitoka wapi.

Sisi tulilitoa kwa Kiingereza, budget. Waingereza nao walilitoa kwa Kifaransa cha zamani, bougette, yaani mfuko mdogo wa ngozi. Kwa hivyo mwanzoni budget ilikuwa mfuko tu. Kufikia karne ya 18, waziri wa fedha wa Uingereza akieleza mipango yake bungeni, ilisemwa kwamba amefungua mfuko. Mwaka 1733 kilitoka kijitabu cha kumkejeli Robert Walpole, jina lake The Budget Opened. Polepole neno likahama kutoka kwa mfuko hadi kwa mpango wenyewe. Hata hapa Kenya, siku ya bajeti, ambayo mara nyingi huwa Juni, Waziri wa Fedha huinua mkoba mbele ya kamera kabla ya kwenda Bungeni.

Mfuko una uzuri wake: ukiingiza mkono, unajua kumebaki nini. Simu haikuonyeshi hivyo. Salio ni namba moja tu, na ndani yake kodi ya nyumba, stima, nauli na pesa za chama zote zimechanganyika.

Hapo ndipo niliponaswa. Mshahara wangu wa kwanza uliingia tarehe 28. Nikaangalia salio, nikajiona tajiri. Tarehe 5 keretaka akanipigia kuhusu kodi, na nilikuwa nimebaki na shilingi 640. Sikuwa nimenunua kitu chochote kikubwa. Ilikuwa mia mbili hapa, mia tatu pale. Ikabidi nimpigie mamangu kuomba, na ni yeye nilikuwa nimemwahidi kumtumia kitu.

Maoni yangu ni haya: salio si pesa ya kutumia. Pesa ikiingia, igawe kwanza. Lipa kodi siku hiyo hiyo. Nunua tokeni za stima. Pesa za chama na akiba zihamishe mahali hutazigusa ovyo. Inayobaki igawe kwa wiki nne, na usisahau ada za kutuma na kutoa. Hiyo sasa ni yako, hata ukitaka nyama choma.

Leo kabla hujabonyeza PIN, jiulize: hii inatoka mfuko gani?