Moshi Hauna Mpaka, Lakini Una Mwenyewe

Wahenga walinena kuwa pafukapo moshi pana moto. Lakini mwenye moto naye hujua kukana. Mwezi Septemba 2019 moshi mzito ulizifunika Malaysia na Singapore, watoto wakazuiwa kwenda shule. Indonesia ilipotajwa, waziri wake alikanusha kuwa moshi wote ule ulikuwa wa nchi yake. Malaysia ikajibu kwa takwimu za setilaiti kutoka kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya ASEAN kilichoko Singapore: alama za moto zilikuwa mamia katika Sumatra na Kalimantan, na chache mno katika ardhi ya Malaysia.

Ndugu wasomaji, yafaa tuelewe namna shahidi huyu anavyoona. Zipo setilaiti zinazoizunguka dunia kutoka ncha hadi ncha, ambazo hulihisi joto la moto na kuweka alama mahali unapowaka. Ipo pia Himawari-9 ya Japani, iliyo juu ya Ikweta kwa umbali wa kilomita zipatazo 36,000, ikipiga picha kila baada ya dakika 10. Picha hizo zikipangwa kwa mfuatano, moshi huonekana ukiondoka chanzoni, ukisukumwa na pepo za kusini, hata ukavuka bahari bila ya kumwomba mtu idhini.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuutaje pia upungufu wa shahidi huyu. Mawingu humziba. Moto unaofukuta chini ya ardhi ya mboji humpita asiuone. Picha yake peke yake haitoshi kutuambia kama moshi unaelea juu sana au umeshuka hadi puani mwa watu. Ndiyo maana vipimo vya hewa vya ardhini ni lazima. Zaidi ya yote, yeye huonyesha mahali, haonyeshi mkono uliowasha kiberiti. Kwa hiyo sheria ya Singapore ya mwaka 2014 iliunganisha mambo matatu: picha za setilaiti, mwelekeo wa upepo, na ramani za ardhi. Yakielekeza yote kwenye ardhi ya kampuni fulani, hata iliyo nje ya nchi, ni juu ya kampuni hiyo kuthibitisha kwamba haihusiki.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2015 ziliungua hekta zipatazo milioni 2.6 nchini Indonesia, na Benki ya Dunia ilikadiria hasara kuwa zaidi ya dola bilioni 16. Sehemu kubwa ya moto huo uliwashwa kwa makusudi, kwa kuwa kiberiti ni rahisi kuliko trekta kwa mwenye kutaka kusafisha ardhi apande michikichi. Walioumia mwanzo hawakuwa majirani wa ng'ambo, bali wanavijiji wa Sumatra na Kalimantan wenyewe. Mwaka 2016 Baraza la Ulamaa la Indonesia lilitoa fatwa kuwa ni haramu kuchoma misitu na ardhi kwa namna inayoleta madhara. Wala halikuishia kwa mchomaji: lilimjumuisha anayemsaidia, anayemwachia, na anayefaidika.

Hapo ndipo penye uzito. Setilaiti imeondoa udhuru wa kusema "hatukujua", lakini haizimi moto wala haimhukumu mtu. Ramani za wenye ardhi zikifichwa, ushahidi wa angani hubaki picha tu. Kuziweka wazi ramani hizo na kumfikisha mkosaji mahakamani ni kazi ya wanadamu, nayo ni amana.

Nasi huku tusijione tuko mbali. Mioto ya kiangazi ya mashamba na mapori yetu huonekana kutoka juu vilevile. Kabla ya kuwasha, mtu na atazame upepo unaelekea kwa nani.