Mabwawa yaliyogeuka mashamba ya nduma: Kakamega ina somo kwa Pwani

Fomu iko juu ya meza yangu wiki ya tatu sasa. Kikundi chetu cha hapa mtaani, ambacho mimi ni mweka hazina wake, kinataka kuomba fedha za mradi ili kichimbe bwawa la maji ya chumvi nyuma ya mikoko na kufuga mwatiko. Mwenyekiti ameshatia sahihi. Katibu naye ameshatia. Imebaki yangu. Kila siku mwanachama mmoja hunipigia simu kuuliza, "Kaka, vipi ile karatasi?" Nami humwomba anipe siku chache.

Kinachonichelewesha nilikiona mbali kabisa na bahari, Kakamega.

Nilikwenda huko kumjulia hali dada yangu, ambaye ameolewa na kuweka maskani nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Mumias. Ijumaa tuliswali Mumias kwenyewe, mji ambao Uislamu uliufikia pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka huku kwetu, enzi za Nabongo Mumia. Mtu wa Pwani hajisikii mgeni sana pale. Jioni baba mkwe wa dada yangu akanitembeza shambani kwake. Tulipita migomba, tukapita kipande cha miwa, tukafika kwenye shimo pana la mstatili. Kuta zake zilikuwa zimemomonyoka na ndani mlijaa nduma zenye majani makubwa kama sinia.

"Nduma zimekubali hapa, mzee," nikasema.

Akacheka. "Hapo palikuwa na samaki, mwanangu. Samaki wa serikali."

Vijana wetu huenda hawakumbuki samaki hao. Mwaka 2009, chini ya serikali ya mseto ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, Kenya ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi, na ufugaji wa samaki ukawa sehemu yake. Maeneobunge 140 yalichaguliwa, kila moja lichimbiwe mabwawa 200. Hayo ni mabwawa 28,000. Mpango ulipopanuliwa mwaka uliofuata, idadi ilikaribia 48,000. Bwawa la kawaida lilikuwa la mita 300 za mraba na liliwekwa vifaranga 1,000 vya samaki. Vijana walilipwa kuchimba, mkulima akapewa vifaranga na chakula cha kuanzia. Kakamega, yenye mito na mvua karibu mwaka mzima, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotegemewa sana.

Mwanzoni hesabu zilipendeza. Samaki wa kufugwa nchini walifika takriban tani 24,000 mwaka 2014. Kufikia 2016 walikuwa wameshuka hadi kama tani 15,000. Baadaye uzalishaji ulipanda tena, lakini sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitoka kwenye vizimba vya Ziwa Victoria, vyenye wenye mitaji. Yale mabwawa ya nyuma ya nyumba, mengi yalikauka, yakaota majani, au yakapandwa nduma.

Nikamwuliza mzee kwa nini aliacha. Nilitarajia aniambie habari za wizi au za ndege. Alinijibu hivi: "Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri sana. Ya pili ndiyo yalinishinda."

Mimi nimesomea stashahada ya uhasibu, na mtu wa hesabu akisikia maneno kama hayo hawezi kulala. Usiku tukakaa na karatasi, tukapiga hesabu kwa bei alizonitajia yeye. Vifaranga 1,000 vikiingia bwawani, chukulia 300 wanakufa au wanaliwa. Wanabaki 700. Baada ya miezi minane wana gramu 300 kila mmoja, kwa hiyo ni kilo 210. Ukiuza kilo kwa shilingi 300 unapata 63,000. Ukisimama hapo, ni biashara nzuri. Lakini kila kilo ya samaki imekula kama kilo mbili za chakula. Hizo ni kilo 420, na kwa shilingi 120 kilo moja ni shilingi 50,400. Toa na shilingi 10,000 za vifaranga. Mkononi inabaki 2,600 kwa miezi minane, na hujalipa mtu wa kulisha wala kutengeneza ukuta uliobomoka.

Mzee aliitazama ile karatasi kwa muda. Mavuno yake ya kwanza yalikuwa mazuri kwa sababu chakula na vifaranga havikuwa vyake. Zile 63,000 alizishika zote, akadhani ni faida ya ufugaji. Zilikuwa zawadi. Alipotakiwa kununua mwenyewe, ndipo alipokutana na ile kazi yenyewe kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo naona kiini cha jambo hili. Si kweli kwamba watu wa Kakamega ni wavivu, au kwamba hawapendi samaki. Samaki wa kufugwa, awe bwawani au ndani ya kioo cha hotelini, anakula kila siku, na maji yake ni jukumu lako mchana na usiku. Mpango uligawa mashimo na msimu mmoja wa bure. Kuendesha kazi hiyo msimu baada ya msimu ni jambo lililoachiwa mkulima, na huko ndiko vikwazo vilikokuwa vikimngoja.

Chukua chakula kwanza. Protini ya chakula cha samaki hutegemea sana omena na soya. Omena huyo huyo anagombewa na binadamu na wafugaji wa kuku. Bei yake ikipanda, chakula kinapanda, na mkulima mdogo anaanza kutupia samaki pumba na mabaki ya jikoni. Samaki wanaishi, ila hawakui.

Kisha mbegu. Mabwawa 28,000 kwa vifaranga 1,000 ni vifaranga milioni 28, vikitakiwa karibu kwa wakati mmoja, katika nchi iliyokuwa na vituo vichache vya kuvizalisha. Ngege, yaani tilapia, ana tabia moja: madume na majike wakichanganyika huzaana wakiwa bado wadogo, na bwawa hujaa visamaki visivyozidi kiganja. Dawa yake ni vifaranga vya madume watupu, na hivyo havipatikani popote tu. Mzee alisema mara ya pili aliuziwa mchanganyiko, na hakujua mpaka alipovua.

Kuna na baridi. Kakamega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ngege hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30, na usiku wa kule ni wa blanketi mbili. Maji yakipoa samaki hula kidogo, na miezi sita aliyoambiwa mkulima inakuwa minane au kumi. Kila mwezi unaoongezeka una gharama yake.

Soko nalo. Kisumu na ziwa lake hazifiki kilomita 60 kutoka Kakamega. Samaki wa ziwa huingia sokoni kila asubuhi, na kwa miaka kadhaa waliongezeka wa barafu kutoka China. Mwaka 2018 jambo hilo lilifika hata kwa Rais Uhuru Kenyatta, akalizungumzia hadharani. Mpango wa 2009 ulikuja na viwanda vinne vya kusindika samaki nchini, na kimoja kilijengwa Lurambi, hapo hapo Kakamega. Lakini kiwanda kinahitaji samaki kila siku, na mwenye bwawa moja huvua mara moja kwa mwaka.

Jumlisha hayo yote, halafu ongeza korongo, kenge, fisi maji na kijana mwenye wavu usiku. Mtu mwenye nusu ekari akiamua nduma zinamlipa zaidi, huyo amepiga hesabu yake sawasawa.

Haki ya kusemwa isemwe. Serikali ilijifunza kiasi. Mpango mpya wa biashara ya ufugaji samaki, unaofadhiliwa kwa mkopo wa shirika la IFAD, umeifikia Kakamega pamoja na kaunti nyingine 14, na msisitizo wake ni biashara, si kuchimba tu. Nimeona pia mabwawa yanayofanya kazi kule, ya watu wenye mabwawa manne au matano wanaovua kwa zamu na wanaojua mnunuzi wao ni nani.

Sasa turudi nyumbani.

Tangu 2020, kupitia mradi wa KEMFSED wenye fedha za Benki ya Dunia, kaunti zetu zimepata msukumo mkubwa wa uchumi wa bahari. Vikundi vimeandika maombi ya mwani, kaa, kamba na mwatiko. Ni jambo jema, na wavuvi wetu wanahitaji njia nyingine, maana kuvua karibu na ufuo hakutoshi tena. Lakini nikizisikiliza hotuba za uzinduzi, nasikia tena idadi ya mabwawa na idadi ya vikundi.

Na maji ya chumvi yana ugumu wake ambao Kakamega hawana. Bwawa la mwatiko hujazwa na bahari yenyewe. Wakati wa bamvua maji hupanda, unafungua mlango, unayabadilisha. Wakati wa maji mafu bahari haifiki, na unakaa na maji yaliyomo. Ikiwa ni kaskazi na jua linawaka, maji hupungua huku chumvi ikibaki pale pale, na bwawa linazidi kuwa kali siku hata siku. Mvua kubwa ya masika ikipiga, linageuka upande wa pili. Mlango na kingo huliwa na chumvi na kutobolewa na kaa. Anayeacha bwawa wiki mbili hukuta kazi ya miezi miwili.

Mbegu ndiyo shida kubwa zaidi. Vikundi vya Pwani vimezoea kukusanya vifaranga vya mwatiko baharini, kwa msimu. Msimu ukiwa mbaya, bwawa linakaa tupu. Likikaa tupu miezi sita wanachama hutawanyika, na wakishatawanyika hawarudi.

Hata hivyo tunao mfano wetu. Dabaso, kwenye hori ya Mida, kikundi cha wenyeji kimenenepesha kaa kwa miaka mingi, na kando yake kikajenga mkahawa juu ya mikoko ambako wageni huenda kuwala. Tazama mpangilio wao: kaa ana mnunuzi mita chache kutoka anakofugwa, mikoko inatunzwa kwa sababu ndiyo mandhari ya mkahawa, na fedha huingia hata kaa wakiwa wachache.

Kwa hiyo nimegeuza ile fomu, na nyuma yake nimeandika maswali manne. Vifaranga vya mara ya pili vitatoka wapi, na kwa bei gani? Chakula cha mara ya pili kitanunuliwa na fedha ipi, na fedha hiyo itawekwa kando lini? Nani atanunua samaki, kwa jina na kwa kilo, kabla hatujachimba? Na usiku wa bamvua, saa tisa alfajiri, nani ataamka kwenda kufungua mlango wa bwawa, na atalipwa nini?

Nawaomba na maafisa wa kaunti na wa mradi wajiulize swali moja. Wasituhesabie mabwawa siku ya uzinduzi. Waje miaka mitatu baadaye, watuambie ni mangapi yaliyopandwa vifaranga mara ya pili kwa fedha ya kikundi chenyewe. Hesabu hiyo ingewekwa Kakamega mapema, makosa yangeonekana wakati bado yanarekebishika.

Najua watakaosema ninachelewesha riziki za watu. Mama mmoja wa kikundi chetu alinieleza waziwazi Jumapili iliyopita: "Mwanangu, fedha si zako, zinakuja bure, wewe unazikatalia nini?" Sikumjibu kwa ukali, kwa sababu ana watoto watatu shuleni na mume wake hurudi baharini mikono mitupu siku nyingi. Nilimwambia fedha ya mradi ni amana, hata kama haikutoka mfukoni mwetu. Tukiipoteza, mara nyingine hatutaaminiwa, na shimo litabaki kwetu. Mzee wa Kakamega angalau alipanda nduma. Sisi kwenye ardhi ya chumvi tutapanda nini?

Tumekubaliana tukutane baada ya swala ya Ijumaa. Wawili wamepewa kazi ya kuzungumza na hoteli tatu kuhusu kununua mwatiko, mmoja atakwenda kuwauliza wenzetu wa vikundi vya zamani, hasa vile vilivyoacha, kwa nini waliacha. Mimi nitaleta hesabu ya msimu wa pili. Ikisimama, inshallah nitatia sahihi siku hiyo hiyo.