Jiwe la bluu si kokoto

Katika vikao vyetu tunawasifu bankambo waliojua kuyeyusha shaba na kumimina misalaba yake. Vizuri. Lakini wao walijua mawe. Sisi tunajua kilo tu!

Tazameni azuriti ya Katanga. Malakiti ya kijani iko mingi, kila fundi wa Lubumbashi anaichonga. Ile ya bluu ni adimu, na mara nyingi imeshikamana na ya kijani. Tunaipiga nyundo, inaingia mfukoni na madini mengine, inaenda kuyeyushwa.

Wengine wananiambia: « Mwalimu, jiwe hilo ni laini, halifai. » Kweli, ugumu wake ni 3,5 hadi 4, kisu kinalikwaruza. Njo sababu linaomba fundi! Likatwe polepole, kwa maji mengi. Moto wa kulehemu unaligeuza jeusi, asidi inalila. Na vijana wanaolisugua kavu uani wanavuta vumbi la shaba kifuani. Hilo nalo tuliite desturi? Lifanywe kidani au heleni, si pete inayogongwa kila siku.

Kwenye maonyesho yetu yajayo nadai meza moja iwe ya fundi na gurudumu lake. Hotuba zipunguzwe, hata yangu.