Risasi Inayoyeyushwa Jikoni

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili. Kuna risasi inayotoka mtutuni, na kuna risasi iliyo metali: laini, nzito, ya rangi ya kijivu, ambayo kwayo ile ya kwanza hutengenezwa. Mhudumu wa afya mkoani Simiyu huifahamu vyema maana ya kwanza, kwa kuwa humjia na damu. Maana ya pili humjia kimyakimya, ikiwa na sura ya mtoto aliyepauka au mama anayelalamikia tumbo, naye humwandikia dawa ya minyoo.

Chanzo kimoja cha risasi hiyo ni gobore. Wilaya za Bariadi, Itilima na Meatu ziko jirani na Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti. Tembo huingia mashambani, fisi huvamia mifugo, na wapo pia wanaotafuta kitoweo porini kinyume cha sheria. Bunduki ya kushindilia imeishi katika mazingira hayo kwa vizazi. Historia yenyewe ilisaidia: katika mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 mataifa makubwa yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, yakaziachia mlango zile za kizamani. Fundi wa kijijini alirithi kilichoachwa.

Anayejaza gobore hupima kwa jicho. Baruti humiminwa kwenye mdomo wa mtutu, hufuata tambara au nyuzi, kisha marisau, goroli au kipande cha nondo, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Huko Marekani na Ulaya wako watu wafanyao kazi inayofanana na hiyo kwa burudani: hununua nakala mpya za bastola ya Colt ya mwaka 1873, nyingi zikiundwa Italia, na hujaza risasi zake wenyewe nyumbani. Lakini mtutu wa nakala hiyo umejaribiwa kwa shinikizo lililozidi la kawaida na kugongwa muhuri kabla ya kuuzwa, na mwenye kuujaza huwa na mizani na majedwali ya vipimo. Mtutu wa gobore huweza kuwa bomba la maji. Bomba la maji halikuundwa kuzuia mlipuko, na siku linapopasuka huchukua kidole gumba, kiganja au jicho la aliyelishika.

Majeraha hayo yana hila zake. Tambara lililoshindiliwa huingia mwilini pamoja na marisau, wala halionekani kwenye picha ya eksirei. Daktari akiridhika na vipande vya chuma vilivyong'aa kwenye picha, atafunga kidonda chenye uchafu ndani. Chanjo ya pepopunda isisahaulike. Aidha, risasi iliyotulia ndani ya msuli mara nyingi huachwa bila madhara makubwa, ila iliyoingia kwenye kiungo, kama goti au nyonga, ni habari nyingine: maji ya kiungo huiyeyusha polepole na kuisambaza mwilini kwa miezi na miaka. Huyo hafai kuruhusiwa kwenda nyumbani na kusahauliwa.

Hata hivyo, wanaodhurika na gobore si wale tu lililowalipukia. Si kila gobore hujazwa risasi halisi, lakini pale inapotumika hupatikana kwa urahisi: betri kuukuu za magari, au vizito vya nyavu kutoka upande wa Busega, ziwani. Metali hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, moto ambao jiko la kuni huufikia bila taabu. Sufuria ikitoka hapo huenda ikarudi kupika uji. Vumbi lake hubaki sakafuni, kwenye mikono na nguo za anayeifanya kazi hiyo, na mtoto anayetambaa huipeleka mikono yake kinywani.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kile kile. Upungufu wa madini ya chuma huongeza ufyonzaji huo. Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miongo, na mwanamke akishika mimba hutoka tena kumfikia aliye tumboni. Dalili zake ni upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, kufunga choo, uzito wa kujifunza, na inapozidi, degedege. Mahali penye malaria, minyoo na kichocho, nani ataishuku metali?

Afrika Mashariki imekwisha kuonywa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kiwanda kina bango na mmiliki wa kushtakiwa. Jiko la kuni la Itilima halina.

Ndiyo maana swali lazima liulizwe zahanati, na namna ya kuliuliza ndiyo yenye uzito. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kila mwenye gobore analijua hilo. Muuguzi akiuliza, "Mna bunduki?" atajibiwa hapana, na mtoto atarudi kwenye sufuria ile ile. Akiuliza, "Mayu, nyumbani kuna mtu anayeyeyusha risasi au kuvunja betri? Kwa chombo gani?" huenda akapata jibu la kweli, nalo linatosha kwa tiba. Kwanza mtoto aondolewe kwenye chanzo. Sufuria isirudi jikoni. Sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa kavu. Sampuli ya damu ipelekwe panapoweza kupimwa. Dawa za kutoa risasi mwilini zipo, lakini hazina faida kwa anayerudi kuila.

Watasema baadhi kwamba kuuliza hivyo ni kuwafichia siri majangili. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa kuwa wapo waliouawa kwa magobore, na polisi wana kazi yao. Jeraha la silaha lina fomu yake ya PF3, nayo ijazwe, baada ya damu kuzuiwa. Mwenye gobore naye anaweza kuelezwa kuwa Serikali imewahi kutenga muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2022. Lakini mtoto mwenye risasi kwenye damu hana PF3, wala hakushindilia chochote. Mama yake akishaamini kwamba kadi ya kliniki husomwa kituo cha polisi, hatamleta tena, hata kwa chanjo.